Barua ya Alhamisi huanza na kosa la bosi

Lifti ya kwanza bado haijapanda na ofisi zote za jengo hili la vioo zimefungwa, lakini mwanamke mmoja wa makamo tayari amepiga magoti kwenye korido ya ghorofa ya tatu. Mkono mmoja ameuegemeza sakafuni, mwingine umeshika kitambaa kikavu. Anasugua taratibu sehemu ya marumaru isiyozidi upana wa sahani, kisha anainamisha kichwa pembeni aitazame kwa mwanga wa dirishani.

"Bado lipo," anasema. "Fundi alisema limetoka. Labda kwake limetoka."

Doa lenyewe ni weupe uliofifia ambao mpita njia hawezi kuuona mpaka aonyeshwe. Yeye hahitaji kuonyeshwa, kwa sababu ndiye aliyeliweka. Ndiye pia aliyesukuma chungu kikubwa cha maua juu yake ili lisionekane, kisha akawaandikia wafanyakazi wenzake wote kuwaeleza alivyofanya. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Anainuka akishika kiuno, anakunja kitambaa na kukitia mfukoni. Leo ni Alhamisi, na kabla ya jioni ana barua ya kuandika.

Wafanyakazi wanamwita Mama Alhamisi. Ni msimamizi wa usafi katika kampuni ndogo inayohudumia majengo manne ya ofisi, na chini yake ana watu thelathini na wanane. Wamegawanyika kwa majengo na kwa zamu, kiasi kwamba wapo waliofanya kazi pamoja mwaka mzima bila kuonana uso kwa uso. Kinachowafikia wote ni barua yake, inayoingia kwenye simu zao kila Alhamisi jioni na kubandikwa ndani ya mlango wa stoo ya kila jengo.

"Mimi siwezi kuwa kila mahali," anasema. "Barua inaweza. Yenyewe haina magoti ya kuuma."

Haikuwa hivi alipoanza. Alianza peke yake, na ufagio wa kuazima, katika jengo la ghorofa tatu lililokuwa na wapangaji wachache na ngazi nyingi. Mwenye jengo aliporidhika akamwambia atafute wawili wa kumsaidia. Akamleta jirani yake, na akamleta wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hadi leo yuko kwenye jengo lile lile na hadi leo hakubali kwamba aliletwa.

"Nilikuja kumwangalia ndugu yangu anaoa mtu wa namna gani," anasema wifi huyo, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika ghorofa mbili juu. "Nikamkuta anapiga deki kinyumenyume kuelekea ukutani. Nikasema huyu ataishia kujibana kwenye kona. Nikabaki nimsaidie."

Siku hizo hapakuwa na haja ya kuandika chochote. Watu watatu wakikaa kwenye stoo moja wakinywa chai, agizo linatoka mdomoni na kuingia masikioni kabla chai haijapoa. Akimwita mmoja, wote wanaitika. Akinuna, wote wanajua nani kamuudhi.

Kampuni ilipopata jengo la pili, mambo yakabadilika. Mama Alhamisi alikuwa akikimbia kutoka jengo moja hadi jingine na mfuko wa funguo ukimpiga pajani, na pale asipofika alituma neno kwa mdomo wa mtu. Mara moja alituma kwamba zulia la chumba cha mikutano lisikanyagwe mpaka likauke. Neno likapita kwa mlinzi, likapita kwa dada wa mapokezi, likafika kwa mfagiaji likiwa limepungua: chumba cha mikutano kisiingiwe. Mfagiaji, mtu mtiifu, hakuingia. Wiki iliyofuata wageni waliofungua mlango walikuta vikombe vya wiki iliyopita vikiwa vimeota ukungu.

"Sikuwa na wa kumlaumu," anasema. "Kila mmoja alikuwa amefanya alichoambiwa. Hapo nikasema basi, nitaandika."

Barua ya kwanza aliiandika nyuma ya kipande cha boksi la sabuni. Anaikumbuka vizuri kwa sababu wifi yake aliihifadhi na humtolea kila anapotaka kumchokoza. Ina sentensi tisa, na zote ni za makatazo: msiache ndoo kwenye ngazi, msitumie kitambaa cha choo mezani, msiongee na simu kwenye lifti, na kuendelea. Hakuna salamu wala neno la shukrani.

"Nilimwambia, wifi, hii si barua, hii ni hati ya mashtaka," anasema wifi. "Mtu anasoma anajiuliza, kwani nimefanya nini?"

Aliendelea hivyo kwa miezi kadhaa. Aliandika, wakasoma, wakanyamaza. Kama kitu kilivunjika alikijua kwa kukikanyaga.

Kilichogeuza mambo ni asubuhi moja ya mvua kubwa. Alikuwa ameondoka nyumbani na funguo zisizo zake, za duka la mumewe la kutengeneza redio, na watu saba walisimama nje ya jengo mpaka wakalowa hadi ndani huku yeye akirudi kufuata funguo sahihi. Hakuna aliyemwambia kitu. Walipiga deki siku nzima na nguo mbichi. Alhamisi ile alikaa na kalamu akashindwa kuandika katazo hata moja.

Akaandika: "Kosa langu la wiki hii. Nimewanyeshea mvua. Funguo zilikuwa kwenye meza ya jikoni na mimi nilikuwa na haraka ya bure. Naomba radhi. Tangu leo funguo za akiba zitakaa kwa mlinzi."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, watu wakajibu. Mmoja aliandika kwamba naye alikuwa amevunja mpini wa mopu na kuufunga kwa kamba. Mwingine alisema taa ya choo cha ghorofa ya pili imekufa tangu mwezi uliopita na yeye husafisha kwa kubahatisha. Mama Alhamisi anasema alisoma akiwa amesimama, sufuria ikaungua jikoni, na hakujali.

Tangu hapo barua zake zote huanza na maneno yale yale, "Kosa langu la wiki hii." Baada ya kosa hufuata habari za kila jengo, kisha kazi zinazokuja, na mwisho swali moja. Kila mfanyakazi hutakiwa kujibu kabla ya Jumamosi mchana, hata kwa mstari mmoja, na anayetaka kueleza kosa lake analieleza. Binti yake aliye sekondari ndiye aliyemfundisha kuandika kwenye simu, na hadi leo humlalamikia urefu.

"Ananiambia, mama, mtihani wangu wa jiografia ulikuwa mfupi kuliko hii."

Wapo wasiojibu kwa simu. Katika jengo hili la vioo yuko mzee mmoja anayesafisha ngazi, anayejulikana kama Mzee Ngazi, ambaye hana simu na haitaki. Macho yake yanahitaji maandishi makubwa. Kwa ajili yake Mama Alhamisi hupita duka la kuchapisha, huchapisha barua kwa herufi za kupigia kelele, na kuibandika ndani ya mlango wa stoo. Mzee husoma akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kisha hutafuta mtu wa kumwandikia jibu.

"Naipenda kwa sababu inaanza na bosi kukosea," anasema Mzee Ngazi. "Nikifika hapo roho yangu inatulia. Najua sisi wote ni watu."

Yuko pia mwanamke wa ghorofa ya tano ambaye wenzake wamempachika jina la Kimya. Ni mama wa watoto wawili, mwepesi wa mikono, na ofisi ya mawakili anayoisafisha haijawahi kulalamika. Kwa muda wote aliofanya kazi hapa, jibu lake la kila wiki limekuwa maneno mawili: "Sawa mama." Mama Alhamisi aliwahi kumuuliza kama hana lolote la kusema. Akajibu, "Sina, mama," akaendelea kufuta vioo.

Sasa turudi kwenye doa.

Miezi mitatu iliyopita Mama Alhamisi alipanda ghorofa ya tatu akiwa amebeba ndoo, brashi mbili, furushi la vitambaa na chupa ya dawa kali ya vyoo ambayo kifuniko chake kilikuwa kimepotea. Angeweza kupanda mara mbili. Hakutaka. Chupa ikamteleza, dawa ikamwagika kwenye marumaru, na kabla hajapata maji jiwe lilikuwa limeshabadilika rangi.

Alisugua mpaka akachoka. Kisha akatazama huku na huku, akaona chungu cha maua dirishani, akakikumbatia na kukisukuma kwa tumbo hadi juu ya doa.

Alhamisi ilipofika akaandika kama kawaida: "Kosa langu la wiki hii. Nimemwaga dawa ya choo kwenye marumaru ya ghorofa ya tatu, jengo la vioo, kwa uvivu wa kupanda mara mbili. Doa limebaki. Nimelifunika kwa chungu cha maua. Msibebe dawa ya choo bila kifuniko. Na tafadhali, msisogeze chungu."

Watu walicheka majengo yote manne. Chungu kikapewa jina la Bosi Mdogo, na waliopita ghorofa ya tatu wakawa wanakisalimia. Mama Alhamisi naye alicheka. Anakiri kwamba wazo la kumweleza mwenye sakafu halikumjia kabisa.

"Nilikuwa nimeshatubu," anasema. "Sema nilitubu kwa watu wasiohusika."

Wiki chache baadaye bomba lilipasuka ghorofa ya chini, kabla zamu ya asubuhi haijafika. Meneja wa jengo, mwanamume mrefu mwenye suti na haraka, alikimbilia stoo ya wasafishaji kutafuta ndoo. Akafungua mlango. Kwa herufi zile kubwa zilizokusudiwa kwa Mzee Ngazi, akasoma habari za chungu, kwani barua za wiki zilizotangulia huachwa pale mpaka mlango ujae. Maji yakaendelea kumwagika. Yeye akapanda ghorofa ya tatu na kusogeza chungu kwa mikono yake.

"Aliniita kwa jina langu kamili," anakumbuka Mama Alhamisi. "Hajawahi. Hata sikujua kama analijua. Nikasema moyoni, leo kumekucha."

Meneja, alipozungumza na mwandishi wa makala haya ofisini kwake, hakupandisha sauti. "Mawe yanaharibika, hilo nalielewa," alisema. "Kilichonikera ni kwamba kila anayeshika ufagio kwenye jengo hili alikuwa anajua, na mimi napita pale kila siku naona maua. Nilikuwa nayasifia."

Ni vigumu kumbishia, na Mama Alhamisi mwenyewe hambishii. Gharama ya kung'arisha sakafu ilikaribia mshahara wake wa mwezi na nusu, na kampuni inaikata kidogo kidogo. Hilo alilipokea bila neno. Zito zaidi lilikuwa suala la mkataba. Mkataba wa usafi wa jengo hili ulikuwa unamalizika, na meneja akasema hatauandika upya mpaka aone mwenendo wa miezi miwili. Tena akataka nakala ya kila barua ya Alhamisi, pamoja na majibu ya jengo lake, yaende kwake.

Katika jengo la vioo wanafanya kazi watu kumi na mmoja. Kampuni haina mahali pengine pa kuwaweka. Mkataba ukikatika, Mzee Ngazi anarudi nyumbani katika umri ambao hakuna atakayemwajiri, na Kimya anarudi kwa watoto wawili mikono mitupu. Mama Alhamisi angebaki na kazi yake, ila anasema hajui angewatazamaje wale wa majengo mengine.

Barua ya kwanza iliyokwenda na nakala kwa meneja ilianza kama zote, kwa kosa lake. Alieleza habari ya chungu upya, safari hii bila mzaha, na akamwomba radhi meneja mbele ya watu wote. Kisha akasubiri majibu.

Yalikuja mapema kuliko siku zote. "Salama." "Salama mama." "Huku shwari." "Kazi inaendelea vizuri." Mzee Ngazi alimwomba mtu amwandikie kwamba ngazi zote ni njema. Kimya aliandika, "Sawa mama."

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu.

"Salama zile zilininyima usingizi," anasema. "Watu kumi na mmoja, ghorofa tisa, wiki nzima, hakijavunjika kitu? Hakijaziba choo? Hata nyumbani kwangu tuko wanne na kila siku kuna kikombe kimekatika mkono."

Alijua maana yake. Wafanyakazi walikuwa wamesoma barua ile kwa macho ya meneja, na wamefanya alichofanya yeye mwenyewe kwa lile doa. Kila mmoja alikuwa na chungu chake mahali fulani, na yeye hakujua kipo wapi. Alirudia tabia ya zamani ya kupita korido moja moja akichungulia nyuma ya milango, na kufikia Ijumaa miguu ilikuwa imemvimba.

Wifi yake ndiye aliyekuja na suluhisho, jikoni, siku ya mapumziko, wakichambua mchele.

"Kwani tatizo liko wapi?" alimwambia. "Andika mbili. Moja ya wageni, safi, ya kumpeleka huyo bwana wako wa suti. Nyingine yetu wenyewe, ya kula jikoni."

"Akijua?"

"Atajuaje? Usiibandike mlangoni tu. Mzee Ngazi tutamsomea."

Mama Alhamisi hakulikataa wazo. Anasema hilo waziwazi, bila kujipamba. Alhamisi iliyofuata alikaa kitandani akaandika barua mbili. Ya meneja ilikuwa fupi na yenye adabu nyingi. Ya wafanyakazi ilikuwa na makosa mawili, na utani juu ya suti. Binti yake alipita, akasoma zote begani kwake, akauliza ipi ndiyo ya kweli.

"Nikamwambia, 'Zote, moja ni ya...'" Hapo Mama Alhamisi anakatiza masimulizi yake na kucheka kidogo. "Nikashindwa kumalizia. Nikaona nimekumbatia chungu kingine, tena naendelea kusukuma."

Alifuta zote mbili. Akaandika moja, akaituma kwa wote, meneja akiwemo. Kosa lake la wiki lilikuwa kwamba alikuwa ameandika barua mbili.

Kesho yake alipanda jengo la vioo ghorofa kwa ghorofa, akazungumza na kila mmoja. Aliwaambia jambo moja tu: atakayeandika kosa lake, yeye atakwenda naye kwa meneja, watasimama wawili, na hatamwacha aongee peke yake. Mzee Ngazi alifikiri kidogo, akasema kwamba basi kuna reli ya ngazi inayocheza kati ya ghorofa ya sita na ya saba, na yeye amekuwa akiifuta kwa tahadhari ili isianguke.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu barua zilipoanza kwenda kwa mkubwa. Nilidhani watasema nimeilegeza mimi."

Walikwenda wawili. Meneja alipanda nao, akaitikisa reli kwa mkono, akarudi nyuma hatua moja. Fundi aliitwa siku hiyo hiyo. Meneja anasema alishukuru, ingawa Mama Alhamisi anakumbuka kwamba alitikisa kichwa tu na kuangalia saa.

Baada ya hapo majibu yakaanza kuja moja moja, kwa kusitasita. Dada wa ghorofa ya pili alieleza zulia alilolichoma kwa maji moto. Kijana wa zamu ya jioni akasema amepoteza ufunguo wa stoo. Kimya aliandika, "Sawa mama."

Siku ambayo makala haya yanaandaliwa ni Alhamisi ya mwisho ya ile miezi miwili. Kesho asubuhi meneja anatoa uamuzi. Mama Alhamisi hazungumzii sana jambo hilo, lakini tangu alfajiri amepiga magoti kwenye doa mara mbili, amenyoosha mikeka iliyonyooka na kufuta kioo cha lifti kilichokwisha kufutwa. Kimya, aliyekuwa anapita na mopu, alimtazama, akaendelea na kazi.

Jioni anaingia stoo, anapindua ndoo ya Mzee Ngazi na kuikalia. Anaandika kwa kidole kimoja, midomo ikicheza. Stoo inanuka sabuni ya limau na vitambaa visivyokauka vizuri. Mlango mzima umefunikwa na barua, za zamani zikiwa chini ya mpya. Anamaliza, anasoma kwa sauti ya chini, kisha anatuma.

"Kosa langu la wiki hii. Nimeogopa. Kwa sababu ya kesho, nimepita nyuma yenu nikifuta mlichokwisha kufuta. Mmoja wenu aliniona. Samahani. Mnaijua kazi yenu, na iwe itakavyokuwa kesho, nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza."

Anaiweka simu juu ya pipa la sabuni. Anasema hatayangoja majibu, watu wana familia zao, watajibu kesho. Hainuki.

Jibu la kwanza linatoka kwa wifi. Linasema kwamba kufuta mara mbili ni tabia ya kwao Mama Alhamisi, na ndugu yake hakuoa huko kwa bahati mbaya. Anatabasamu. La pili linaingia, anafungua, na tabasamu linamtoka. Anasoma, anasogeza simu karibu na taa, anasoma tena. Kisha anampa mwandishi aisome mwenyewe. Linatoka ghorofa ya tano.

"Mama, kosa langu la wiki hii. Leo asubuhi nimeangusha ndoo ya chuma kwenye sinki la mawakili, limepasuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nimeshashuka kwa meneja kumwambia. Sikukuita tusimame wawili. Nilikuona unavyofuta kioo cha lifti, nikasema huyu ana mzigo wake wa kesho, huu niubebe mwenyewe. Meneja ameandika kwenye karatasi, hajasema kitu. Kama nimeharibu mkataba, nisamehe. Ila nilijaribu kutafuta cha kulifunikia, nikakumbuka chungu, nikashindwa."

Mama Alhamisi anaziba mdomo kwa kiganja. Macho yanamjaa machozi, na hayafichi.

"Huyu ndiye asiyesema," anasema. "Mwaka mzima. Sawa mama, sawa mama. Halafu siku ya kusema anasema hili, na leo."

Je, anaona Kimya amefanya vibaya, mkataba ukiwa mezani?

"Amefanya nilichoshindwa mimi. Mimi nilianza na wenzangu, meneja akajua mwisho. Yeye kaanza na meneja." Anajifuta uso kwa kile kitambaa cha mfukoni. "Kama tutafukuzwa kwa hilo sinki, nitaondoka kichwa juu. Nitalia, lakini kichwa kitakuwa juu."

Hawakufukuzwa. Ijumaa asubuhi meneja aliandika mkataba mpya wa miezi sita, si mwaka mmoja kama kampuni ilivyoomba, na bei ya sinki itakatwa kwenye malipo ya mwezi wa kwanza. Alipoulizwa kama sinki lilibadili uamuzi wake, alisema lilibadili.

"Nilikuwa nimekwisha kuamua kutafuta kampuni nyingine," alisema. "Nilichoka kujiuliza kuna nini nyuma ya kila chungu. Yule mama wa ghorofa ya tano alipoingia hapa kuniambia habari ya sinki, nikasema angalau kwenye ghorofa moja sina haja ya kujiuliza. Nikawapa miezi sita wanionyeshe hizo nyingine."

Kampuni imeshapata jengo la tano, na Mama Alhamisi anatarajia watu wengine kumi kabla ya mwaka kwisha. Anasema barua moja haitatosha tena. Ikirefuka zaidi ya ilivyo, hata Mzee Ngazi ataanza kuruka mistari, na mlango wa stoo hauongezeki. Mpango wake ni kila jengo liwe na mwandishi wake, barua iandikwe na mtu anayesukuma mopu humo humo, na nakala ya kila moja iende kwa mwenye sakafu.

"Mimi nimeandika vya kutosha," anasema. "Natamani kufika siku ambayo Alhamisi nitakaa nyumbani, nivue viatu, niwe msomaji tu."

Barua ya jengo la vioo ameikabidhi kwa Kimya, kuanzia wiki ijayo. Wenzake walidhani atakataa. Alisikiliza agizo lote akiwa ameegemea mopu, akatikisa kichwa kukubali, akageuka aendelee na kazi. Mama Alhamisi akamkumbusha kwa nyuma kwamba kanuni ni ile ile, mwandishi huanza na kosa lake.

"Hilo lisikupe shida, mama," akajibu Kimya bila kugeuka. "Nina ya mwaka mzima."